Maswali na majibu: Niliambiwa nikayamalize nyumbani

Jumanne na Ijumaa nakaa kwenye benchi la ofisi yetu ya msaada wa kisheria huku Temeke. Jioni nikirudi nyumbani nasoma meseji zenu. Za wiki hizi mbili zimefanana mno, basi nazijibu hapa kwa pamoja. Majina nimeyaondoa. Na mnaoniita wakili, asanteni kwa heshima, lakini mimi ni msaidizi wa kisheria. Kesi ikifika pa wakili, namtafuta wakili.

“Shikamoo dada. Mume wangu kanipiga usiku wa kuamkia jana, jicho limevimba. Majirani wanasema nianze kwa mjumbe. Mwaka jana nilienda polisi nikaambiwa nikayamalize nyumbani. Nianzie wapi?” (Mama wa wawili, Mbagala)

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mjumbe atakusuluhisha, na kusuluhishwa hakutibu jicho. Nenda kituo cha polisi uchukue PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali. Haiuzwi. Kama damu inatoka au unahisi mfupa umevunjika, anza hospitali, fomu itafuata.

Ukifika kituoni usielezee yote pale kaunta mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Lina chumba chake na askari waliofundishwa kusikiliza mambo haya. Ukikuta limefungwa kwa sababu ni usiku, fungua taarifa hapo hapo kaunta, wakupe namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, asubuhi urudi dawatini na namba yako. Askari akikwambia tena ukayamalize nyumbani, omba kumwona mkuu wa kituo. Usipige kelele, usilie. Sema tu, “Naomba kumwona mkuu wa kituo,” na usubiri. Nimeshaona sentensi hiyo moja ikibadilisha sura ya kaunta nzima.

Sasa PF3 yenyewe. Mwonyeshe daktari kila panapouma, hata pale usipopenda kupaonyesha. Niliwahi kushika fomu ya mama mmoja aliyechapwa mkanda mgongoni mpaka ngozi ikachanika. Fomu ilikuwa na mstari mmoja: uvimbe, jicho la kushoto. Siku ile alivaa gauni la kubana, zipu iko nyuma, akaona haya kumwomba daktari amsaidie kuifungua. Kesi ilipofika mahakamani, mgongo haukuwemo kwenye fomu. Basi vaa dera, au nenda na dada yako. Fomu ikishajazwa, piga picha kwa simu kabla hujairudisha polisi, umtumie mtu unayemwamini. Usiiache kwenye simu ambayo mumeo anajua namba yake ya siri.

Kwa walio upande wa Ilala, Hospitali ya Amana ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii unawapata sehemu moja bila kuzungushwa.

Na kwa wale wanaosema mume ana haki ya kumrudi mkewe: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Ina zaidi ya miaka hamsini sasa. Kumdhuru mtu mwili ni kosa la jinai, kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano, na sijaona mahali palipoandikwa “isipokuwa akiwa mkeo”.

“Kuna kaka alijitambulisha ni wa msaada wa kisheria, akataka elfu hamsini ya kufungua faili. Huu msaada wa bure ni bure kweli?” (Tandika)

Bure ni bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo inayotusimamia, na inataka mtoa msaada awe amesajiliwa. Mwambie akuonyeshe usajili wake. Mimi wangu uko ukutani, umejaa vumbi lakini unasomeka. Nauli ya daladala na kutoa kopi ni juu yako, hilo sikufichi. Lakini “ya faili”, “ya kumsalimia karani”, “ya mafuta ya gari la kumfuata mumeo”, hapana.

Wa uhakika ninaowajua hapa mjini: TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kilichoanzishwa 1989, wako Ilala Sharif Shamba. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kiko Kinondoni, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wana ofisi ya kusikiliza watu Kinondoni. Halafu kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia hapa Temeke, kilichoanza 2021, ambapo Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu zinasikiliza ndoa na mirathi chini ya paa moja, na watoa msaada wa kisheria wamo humo humo. Pale nenda mapema. Saa mbili asubuhi foleni inakuwa imeshajaa.

“Mume wangu kaniandikia talaka kwa WhatsApp, tatu kwa mpigo. Nguo zangu kazitoa barazani. Nimeachika?” (Bi Mdogo, Buguruni)

Ya dini muulize sheikh wako, mimi siingii huko. Kwa sheria ya nchi bado ni mke wa mtu, kwa sababu ndoa inavunjwa na mahakama. Meseji ile usiifute hata ikikuchoma moyo. Ipige picha ikionyesha namba yake na tarehe.

Kinachofuata ni baraza la usuluhishi wa ndoa. Mnaweza kwenda Baraza la Kata, na kwa Waislamu BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wana baraza lao la ndoa. Wakristo wengine huenda kwenye la kanisa lao. Mtaitwa, mtasikilizwa. Mkishindikana, baraza linatoa cheti ambacho mjini tunakiita Fomu namba 3, kinachosema limeshindwa kuwapatanisha. Ndicho unachokwenda nacho mahakamani, na kisiwe kimepita miezi sita tangu kitolewe. Hapa wanawake wengi wanakwama. Anakuja na barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri mzuri wa bluu, anasema baraza ameshapita. Hajapita. Mahakama inataka fomu ya baraza, na bila hiyo shauri linaweza kutupwa hata kama una haki mpaka kwenye nywele.

Akiitwa barazani akakataa kwa makusudi, sheria haikufungii njia. Vivyo hivyo kama kakutelekeza na hujui aliko. Na kwa ndoa ya Kiislamu, talaka ya mume inapata uzito mahakamani ikitolewa baada ya baraza kuthibitisha kuwa limeshindwa. Mumeo kaanza na mwisho.

“Sitaki talaka. Nataka nikae mbali naye nipumue, akili yake ikirudi nitaona. Kuna kitu kama hicho?” (Mwalimu, Kigamboni)

Kipo, kinaitwa kutengana, na mahakama inaweza kukiamuru. Ndoa inabaki, ila hamlazimiki kuishi pamoja, na matunzo na watoto vinaamriwa. Kinawafaa sana wenye ndoa changa pia, maana talaka kabla ya miaka miwili ya ndoa inahitaji ruhusa maalumu ya mahakama. Shauri likiwa mahakamani unaweza kuomba amri ya kumkataza asikufuate wala kukusumbua. Ukitaka amri hiyo eleza anakofika: getini kwa shule, kwa mama yako, kibandani kwako. Ukisema tu “ananisumbua” hakimu hana cha kushika.

“Tumeishi miaka tisa, hatukufunga ndoa, mahari hakumaliza. Tumejenga Chanika. Sasa kaleta mwanamke mwingine, ananiambia mimi ni hawara tu, nitoke na mabegi yangu. Sina cheti, sina haki?” (Muuza vitenge, Gongo la Mboto)

Hili swali nalipenda, kwa sababu jibu lake linawashangaza wanaume wengi.

Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawa wanawajua kama mke na mume, inachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Wewe una tisa. Hata yeye akithibitisha kwamba hamkuoana, labda kwa kuonyesha alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja, mahakama bado inaweza kukupa matunzo yako na ya watoto na kuangalia mali mliyochuma. Mashahidi wako ni majirani, mwenye nyumba mliyokuwa mkipanga zamani, mawifi waliokuita “wifi” miaka yote hiyo, na kadi ya kliniki yenye jina lake kama baba.

Kwenye mgawanyo, kifungu cha 114, mahakama inatazama kila mmoja kachangia nini kwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika na kulea, nazo ni mchango. Kila semina ya wanawake utalisikia jina la Bi Hawa. Wasichokwambia ni kwamba yeye mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilisema mumewe alikuwa ameshampa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya. Kwa hiyo usiende kusema “nilikuwa mke” halafu ukakaa. Nenda na hesabu.

Kuna mama mmoja alikuja kwetu na kopo la Blue Band, lile kubwa. Ndani risiti za simenti, nondo, bati, nyingine zimefifia mpaka unazielekeza kwenye dirisha ndipo usome. Chini kabisa daftari la mchezo wao wa kupeana fedha kwa zamu kila wiki, na pembeni ya zamu zake kaandika kwa penseli: “matofali”, “fundi lenta”, “mlango wa mbele”. Mumewe alikuja na hati ya mauziano ya kiwanja yenye jina lake peke yake, basi. Wakili aliyemsaidia aliniambia hajawahi kupewa faili tamu kama lile. Wewe unauza vitenge, una daftari. Litafute leo, ulitoe humo ndani ya nyumba kabla halijageuka kuwa la kuwashia jiko.

“Nikiondoka na watoto, si atasema nimetelekeza nyumba? Na akiiuza?” (Kimara)

Kukimbia kipigo si kutelekeza ndoa, na mchango wako kwenye nyumba haufutiki kwa sababu hulali humo. Ndiyo maana PF3 na RB ni muhimu: zinaeleza kwa nini uliondoka. Nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako. Yenye hati, unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Isiyo na hati, na Kimara ziko nyingi, peleka barua serikali ya mtaa, kwa sababu ndiko mauziano yanakosainiwa. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Watoto: chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba wakae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa. Kinachotazamwa ni maslahi ya mtoto, kuliko nani kakosa. Matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba hata kama hamkuoana. Anza ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa. Akisaini kutoa halafu akakacha, karatasi hiyo hiyo unaipeleka Mahakama ya Watoto, Kisutu.

“Nyie ndio mnaovunja ndoa za watu. Na mwanaume akipigwa na mkewe mnamsaidia?” (Kaka, Ubungo)

Tunamsaidia. Kifungu cha 66 kinasema “mwenzi”, na PF3 haina jinsia. Wamekuja wawili mwaka huu, wote walianza kwa kusema wameanguka bafuni. Ya kuvunja ndoa siyajibu. Ndoa ninazoletewa zinakuwa zimeshavunjika, mimi naletewa vigae.

“Nikija Ijumaa nije na nini?” (wengi)

Kitambulisho cha NIDA au namba yake. Cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto au kadi za kliniki, RB, PF3 au picha yake, meseji zenye tarehe, risiti. Karatasi moja uliyoandika mwenyewe: mlianza lini kuishi, mabaya yalitokea lini na lini, nani aliona. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, njoo hivyo hivyo, tutaanza na hiyo karatasi. Kama mumeo anakagua simu, usinitumie meseji tena, mpe shoga yako aje aniulize. Na ukiulizwa getini umekuja kwa nani, sema umekuja kwa mambo ya mirathi. Mlinzi wetu ana maneno mengi.