Shangazi, nifungue gesti ukweni Pangani?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mkenya, nimeolewa Pangani, huu mwaka wa tatu. Naishi kwa hati ya mtegemezi. Mume wangu anataka nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake tuigeuze gesti ya vyumba vitano, kwa akiba yangu niliyokuja nayo kutoka Nakuru. Anasema kila kitu tuandike jina lake, ndiyo rahisi. Mimi nitapika, nitapokea wageni, nitawapeleka kisiwa cha Maziwe na kuwauzia vinyago. Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Usinunue hata foronya kabla hujajua nyumba hiyo ni ya nani.

"Aliyoachiwa na baba" ni maneno ya sebuleni. Kama mirathi haijafunguliwa, nyumba bado ni ya warithi wote: mama mkwe, mashemeji, mawifi. Siku ya kupiga lipu hakuna atakayesema neno. Watasema gesti ikianza kuingiza pesa, na wakati huo vigae na shimo la choo ulivyolipia havibanduki. Mumeo aende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, msimamizi wa mirathi ateuliwe, mgao uandikwe. Ndugu wakitaka nyumba isigawanywe, sawa, waikodishe kwa mkataba na kila mmoja ajue fungu lake la pango.

Ardhi yenyewe huwezi kumilikishwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 humpa asiye raia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na njia hiyo ni ya mitaji mikubwa kuliko vyumba vitano. Lakini nyumba ni kitu kimoja na biashara ni kitu kingine. Sajilini kampuni BRELA, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, mumeo hisa 60, wewe 40. Zako zisifike nusu, maana kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wasio raia huhesabiwa ya kigeni kwenye mambo ya ardhi. Kampuni ndiyo ikodi nyumba, tuseme miaka kumi, na kila inapolipa pango ikate kodi ya zuio asilimia 10 iipeleke TRA, mamlaka ya mapato. Akiba yako iingie kwa njia ya benki, na pawe na mkataba kwamba ni mkopo wako kwa kampuni. Ukimkabidhi mumeo mkononi, kesho itaitwa zawadi.

Simwoni mumeo kuwa mtu mbaya. Wengi husema "tuandike jina langu" kwa mapenzi kabisa. Ila akitangulia yeye, au mkiachana, kinachosomwa ni jina lililoandikwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua jasho lako mkiachana, lakini utalidai mahakamani, kwa risiti. Kila mfuko wa saruji, weka risiti yake.

Sasa hati ya mtegemezi. Inakuruhusu kuishi, haikuruhusu kufanya kazi, na kumchemshia chai mgeni anayelipa ni kazi hata kama jiko ni lako. Wengi hujikwaa hapa wakidhani Afrika Mashariki ni moja. Soko la pamoja lipo tangu 2010, ila kibali bado kinaombwa: cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi Uhamiaji, daraja A kwa mwenye biashara, B kwa mwajiriwa. Kabla havijatoka, mwajirini binti wa hapo Pangani ahudumie wageni. Mke wa Mtanzania anaweza kuomba uraia, lakini Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo wa Kenya utauacha. Nakusihi, usifanye uamuzi huo kwa sababu ya gesti.

Safari za Maziwe na vinyago, ondoa kabisa kwenye mpango wako. Amri ya Julai 2025 imewakataza wasio raia kuongoza watalii na kuendesha maduka ya vitu vya sanaa vya kitalii, pamoja na biashara nyingine kadhaa. Faini haipungui milioni 10, kibali hufutwa, na raia anayekusaidia kukwepa naye huadhibiwa. Tafuteni mwenye boti na mwongozaji mwenye leseni, mgeni amlipe yeye moja kwa moja.

Leseni ya biashara iko halmashauri, na bwana afya atakagua jiko na vyoo. Mkilenga watalii, ulizeni pia leseni ya TALA, yaani ile ya biashara ya utalii.

Vitanda vije mwisho. Kila kitanda jozi tatu za mashuka: moja kitandani, moja inafuliwa, moja kabatini, kwa sababu wakati wa masika mashuka hayakauki kwa siku moja. Maji weka lita 100 kwa mgeni. Wageni kumi ni lita 1,000 kwa siku, basi tenki la lita 3,000 litawavusha siku tatu bomba likikauka. Bawaba na vitasa vya chuma cha kawaida upepo wa chumvi huvila upesi, nunua vya shaba au chuma kisichoshika kutu.

Kwenye hesabu, usijaze vyumba kichwani. Vyumba vitano kwa siku 30 ni malazi 150; wewe hesabu 45 tu. Kwa shilingi 40,000 ni 1,800,000 kwa mwezi. Toa pango, mshahara, umeme, chai ya asubuhi na kamisheni ya mitandao ya kuwekea nafasi. Kikibaki kidogo mno, anzeni na vyumba vitatu, akiba nyingine ikae benki hadi masika ya kwanza yapite.