Jigi inagongwa lakini samaki hanasi, shida iko wapi?

SWALI: Habari fundi. Nipo Katonga hapa Kigoma, nimepata rodi na rili (kizungushio cha uzi) ya jigi (chambo bandia cha chuma) kutoka Dar pamoja na jigi za gramu 80 zenye ndoana ya matatu chini. Navua sangala kwenye miamba, mita 50 mpaka 60. Samaki namsikia kabisa anagonga ila hanasi, na akinasa anachomoka njiani, halafu jigi mbili zimeshabaki kwenye mawe. Mwezi ujao naenda kwa shemeji yangu Pemba, huko wanavua kolekole kwa jigi, nitumie vifaa hivihivi?

JIBU: Salama kaka, na asante kwa kutaja kina na uzito, maana wengi wanaandika tu "jigi haishiki" halafu inabidi nianze kubahatisha. Kwa maelezo yako rodi haina kosa na sangala wapo, shida ni hiyo ndoana ya matatu, na nahisi pia ni vile jigi yako inavyoshuka.

Ndoana ya chini itoe leo hii. Jigi ikifika chini kinachogusa mwamba kwanza ni mkia wake na mkiani ndo umeweka ncha tatu, sasa hapo mawe yasishike kwa nini? Na hata samaki akinasa, chuma chote cha gramu 80 kinabaki kimening'inia mdomoni mwake, kila akitikisa kichwa kile chuma kinafanya kazi ya mtaimbo, kinaing'oa ndoana kidogo kidogo mpaka inatoka. Hao wanaochomoka njiani wanatoka hivyo.

Badala yake funga asisti, yaani ndoana moja au mbili za mguu mfupi zilizofungwa kwenye kipande kifupi cha kamba ngumu, zinakaa juu kwenye kichwa cha jigi. Na hapa usikosee ufungaji, maana naona watu wengi wanaifunga asisti kwenye tundu la jigi lenyewe halafu wanashangaa mambo ni yaleyale. Chukua pete nzima, ile isiyo na mpasuko, liida (kipande cha mwisho cha uzi, upande wa jigi) funga hapo na asisti ipitishe kwenye pete hiyohiyo, ndo sasa jigi uiunge kwa pete ya kupasuka. Ukishafunga shika liida kwa mkono mmoja na ndoana kwa mkono wa pili, vuta, utaona jigi imekaa pembeni haibebi chochote, nguvu yote inatoka kwenye liida inapita kwenye pete nzima inaenda kwenye ndoana. Hicho ndo tunachotaka. Urefu wa asisti uwe kiasi kwamba ndoana inaishia kwenye theluthi ya juu ya jigi, ikifika katikati au chini zaidi itajizungusha na kushika liida. Na mdomo wa ndoana uwe mpana kuliko jigi, la sivyo inaikumbatia jigi na ncha haimgusi samaki.

Liida weka mita 3 au 4 za florokaboni (uzi mgumu wa plastiki) ya paundi 40 mpaka 50, kwa sangala inatosha sana maana meno yake ni madogo kama msasa, hakati, tunaogopa zaidi kingo za mawe. Kuunga breidi (uzi mkuu wa kusukwa) na liida mimi napendelea fundo la FG kwa sababu ni jembamba na linapita kwenye pete za rodi bila kugonga. Unaisokota breidi juu ya liida kulia kushoto kama mara 20 huku umeikaza muda wote, unafunga vifundo vidogo vya kushikilia, unalowesha, halafu unavuta kwa nguvu kweli. Breidi ikibadilika rangi ikawa nyeusi kidogo na ukaiona imezama kwenye liida, hapo limeuma. Kama haijabadilika rangi litateleza, kata ufunge upya hata kama samaki wanaruka mbele yako.

Uzito sasa. Gramu 80 kwa mita 60 inafanya kazi siku ziwa limetulia, lakini upepo wa kusini wa kiangazi ukianza kuusukuma mtumbwi uzi unalala, na uzi ukilala unanyanyua rodi huku chini jigi inaburutwa tu kwenye mawe. Anza na gramu 2 kwa kila mita, upepo ukiwepo panda hadi 3, kwa hiyo kwako ni 120 mpaka 180. Mwenzako akae na kafi muda wote arudishe mtumbwi juu ya uzi, hiyo kazi ni nusu ya uvuvi wenyewe jamani, musiidharau.

Kwenye kuchezesha, najua mazoea ya mshipi wa mkono ni kuvuta, vuta, vuta. Jigi inaliwa zaidi ikiwa inashuka. Nyanyua rodi polepole huku unazungusha rili nusu duara, halafu shusha ncha ya rodi haraka kuliko jigi inavyoshuka ili uzi ulegee, ndo jigi italala ubavu na kuyumba kama dagaa aliyeumia. Ukishusha rodi taratibu na uzi umekaza, jigi inashuka wima kama risasi ya mshipi, haina uhai. Sasa kwa kuwa uzi umelegea mara nyingi hutasikia kugongwa, utaona tu uzi umesimama kabla ya wakati wake, au umenyanyua ukakuta uzito wa jigi haupo. Hapo usikurupuke kuvuta rodi juu, zungusha rili haraka mpaka usikie uzito ndo unyanyue. Panda hivyo mita 10 hadi 15 toka chini, kisha rudi tena chini.

Na usihangaike kushusha mita 150 ukidhani ndo kuna wakubwa. Upande wetu huu wa kaskazini ya Tanganyika ukivuka mita 100 hivi oksijeni imeshaisha, ziwa lina kina cha mita 1,470 lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Halafu sangala ukimtoa mita 50 kibofu chake cha hewa kinavimba, ukimrudisha haishi, kwa hiyo ukishapata wa kutosha acha.

Pemba ni habari nyingine, na ndo maana nakwambia rodi beba ila jigi na liida nunua nyingine. Kule bahari ina hewa mpaka chini, wanashusha hata mita 100 na zaidi, na mkondo wa mlango wa Pemba unakwenda kaskazini kwa nguvu hasa kipindi cha kusi. Beba za gramu 200 mpaka 300. Ziwa letu halina bamvua la kukusumbua, lakini kule muulize shemeji mapema siku za maji mafu (maji yasipojaa wala kupwa sana) ni zipi, uende hizo. Liida panda hadi paundi 80 kwa sababu kolekole akishanasa anakimbilia mwamba moja kwa moja, na dregi (breki ya rili) iweke robo ya nguvu ya breidi, yaani breidi ya kilo 20 dregi kilo 5, pima kwa mzani wa kuning'iniza usikisie kwa mkono. Nguru akiwepo atakukatia kamba za asisti, tafuta zenye waya ndani, lakini usifunge waya mrefu badala ya liida maana jigi inakakamaa haichezi.

Ukitoka baharini kila jioni mwagia rili maji yasiyo na chumvi polepole, usitumie mpira wa presha maana unasukuma chumvi ndani, ndoana na pete zisuuze moja moja, legeza dregi ndo uiweke ikauke.