Nyumba Kabla ya Mvua za Vuli: Wasomaji Wanauliza, Mafundi Wanajibu

Swali: Tunataka kupendezesha sebule kabla ya mvua za Septemba. Kwenye ukuta mmoja rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na chini yake kuna unga mweupe. Tumeshapaka mara mbili na hali inajirudia. Tununue rangi gani? (Msomaji, Jinja)

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue rangi yoyote kwanza. Unga huo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia matofali, yakifika kwenye lipu yanakauka na kuacha chumvi, nayo inajikusanya nyuma ya rangi mpaka inaisukuma nje. Wapo watakaokushauri upake rangi ya mafuta kwa kuwa haipitishi maji. Tafadhali kataa: unyevu ukikosa pa kutokea utapanda juu zaidi, na mwaka ujao rangi itabanduka usawa wa kiuno.

Anzia nje. Tafuta tabaka la kuzuia unyevu lililolazwa juu ya msingi. Udongo unatakiwa uwe chini yake kwa sentimita 15 au zaidi. Mara nyingi tabaka hilo huwa limefukiwa na udongo wa maua au zege la uani lililomwagwa baadaye. Ondoa udongo huo, kisha tengeneza mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta, sentimita 5 kwa kila mita.

Ndani, bomoa lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, usiioshe, kwa sababu maji huiyeyusha na kuirudisha ndani ya tofali. Acha ukuta wazi wiki kadhaa za jua. Kupima, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, usiguse mpaka kesho yake. Matone yakiwa upande wa ukutani, bado. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani ya nyumba, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Ukishakauka, piga lipu ya saruji ndoo moja kwa mchanga safi wa ziwa ndoo tano, kisha subiri siku 28 kabla ya rangi. Kwa hiyo anayetaka kumaliza kabla ya mvua aanze mapema Juni. Agosti ikikukuta bado hujabomoa, afadhali urekebishe nje tu na kusogeza makochi mbali na ukuta, halafu rangi ingoje kiangazi cha Desemba hadi Februari.

Siku ya kupaka, tumia rangi ya maji. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina takriban mita za mraba 31 za kuta. Lita moja hutosha kama mita 10, basi kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, andaa lita 6 na nusu.

Swali: Mabati yanavuja kwenye misumari, na gata inamwagika katikati mvua ikiwa kubwa. (Msomaji, Kampala)

Jibu: Angalia msumari umepigwa wapi. Unatakiwa upite kwenye mgongo wa bati. Ukiwa bondeni, maji yote yanapita juu yake. Uliolegea ung'oe, weka mrefu zaidi wenye raba mpya. Kuupigilia ule ule hausaidii, kwa kuwa tundu limeshapanuka na raba imekauka.

Gata inayomwagika katikati kwa kawaida imelegea hapo. Vishikio viwe kila sentimita 60, na gata ishuke milimita 5 kwa kila mita kuelekea bomba. Usilidharau jambo hili: mvua ya milimita 40 juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 2,400, na zikimwagika mahali pamoja zinaishia kwenye msingi, yaani tatizo la msomaji wetu wa Jinja.

Swali: Lubugo tuliyobandika ukutani imeota kuvu. Tuifue? (Msomaji, Masaka)

Jibu: Msiifue, na jiki isiiguse, itaiharibu rangi. Kitambaa hiki cha magome ya mti wa mutuba, ambacho ufundi wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, hunyonya unyevu upesi. Kikigandishwa kwa gundi ukutani hakipumui. Kibandueni taratibu, mkianike kivulini penye upepo hadi kikauke kabisa, kisha mpanguse kuvu kwa brashi laini, nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Mkikirudisha, kitundikeni kwenye fito ya mbao iliyoachana na ukuta kwa sentimita 2, tena ukuta wa katikati ya nyumba, si ule unaopigwa na mvua.