Vigodoro na usingizi wa majirani

SWALI: Ndugu Mhariri, mtaani kwetu Tandika vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku kucha zenye muziki mkubwa, hupigwa hadi alfajiri, spika zikielekezwa madirishani mwetu hata vioo vinatetemeka. Twende wapi?
Mkazi, Temeke

JIBU: Pole sana. Anayelalamika haonei wenzake wivu, kama wengine wanavyodhani. Anadai usingizi wa watoto na wagonjwa. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkimwomba awaoneshe saa ya mwisho iliyomo katika kibali cha sherehe, na muziki ukipita saa hiyo, pigeni simu polisi usiku huohuo. Kelele zikijirudia, pelekeni malalamiko ya maandishi NEMC, taasisi ya taifa inayosimamia mazingira, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinaweka viwango vinavyopaswa kufuatwa. Andikeni tarehe, saa na mahali spika zilipowekwa.