Nadhiri ya misheni na insulini ya mama

SWALI: Shikamoo Baba Mchungaji. Mimi ni msichana wa miaka 24, nafundisha watoto wa awali katika shule ya binafsi hapa Tunduma. Vijana wa kanisa letu wameandaa misheni ya wiki mbili kule Karonga, Malawi, mwezi wa nane, na kila anayekwenda anachangia shilingi 450,000. Siku ya ibada ya vijana niliguswa sana, nikasimama mbele ya watu nikaahidi kwenda na kutoa. Fedha niliyo nayo ni 520,000 ya maharage tuliyouza. Hiyo ndiyo ya insulini ya mama, na ya godoro, sare na nauli ya mdogo wangu anayeingia kidato cha tano bweni. Baba alishafariki. Mama anasema, "Nenda mwanangu, Mungu ataniangalia." Nilipomweleza kiongozi wetu wa vijana, alisema nisiwe Yona. Akatusimulia habari za vijana wawili Wamoravian waliojiuza utumwani ili wawahubirie watumwa, akauliza mimi nashindwaje na laki nne na nusu. Binamu yangu naye ananicheka kwamba wiki mbili si misheni, ni matembezi. Je, nikibaki nitakuwa nimevunja nadhiri? Silali usiku.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema hulali. Basi nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: fedha ile usiitoe. Ni ya mama yako na mdogo wako. Ukibaki nyumbani mwezi wa nane hujamkimbia Mungu.

Najua utaniuliza habari za Mhubiri sura ya 5, kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Andiko hilo nalikubali lote, na sitaki ujifunze kuahidi ovyo mbele za Bwana. Lakini Biblia haikuishia hapo. Soma Walawi 27 aya ya 8. Mtu aliyeweka nadhiri, ikaonekana kima chake kimemzidi kwa umaskini wake, hakuambiwa auze kitanda cha mamaye. Aliletwa mbele ya kuhani, na kuhani akamkadiria upya kwa kadiri ya uwezo wake. Torati yenyewe, ambayo tunaiona kali, ilimwekea maskini mlango wa kutokea kwa heshima. Na Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwepo, hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo". Hiyo 450,000 uliyoiahidi huna, mwanangu. Ipo mkononi mwako, lakini ina wenyewe.

Tena kuna neno la Bwana Yesu mwenyewe, nami nashangaa kiongozi wenu amelipita. Marko sura ya 7. Mafarisayo walikuwa na utaratibu wao: mtu akitamka juu ya mali yake "Korbani", yaani wakfu, basi wazazi wake hawawezi tena kusaidiwa kwa mali hiyo, kwa kuwa imekwisha kuwa ya Mungu. Kwa sura ya nje ni ibada safi kabisa. Yesu aliitaja kuwa ni kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Angalia kwamba yule mtu wa Korbani naye alikuwa ameshatamka ahadi yake, kama wewe. Bwana hakusema, "Kwa kuwa ameshaahidi, mama na avumilie." Aliwakemea waliomfundisha kwamba ahadi ile inamfungua na amri ya tano. Sasa mtu anaposimama Tunduma leo na kukuambia utoe fedha ya dawa ya mama kwa sababu umeshaitamka madhabahuni, tofauti yake na wale ni nini? Mimi siioni.

Habari ya wale Wamoravian wawili inanigusa zaidi, maana ni ya kanisa langu, nimeifundisha miaka mingi, na inaniuma kuona inavyogeuzwa fimbo ya kuwachapia watoto wa maskini. Hawakujiuza utumwani. Kilichotokea ni hiki. Mwaka 1731 Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa Herrnhut huko Ujerumani, alikuwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, akakutana na Anton, Mwafrika aliyekuwa mtumwa kutoka kisiwa cha St Thomas huko Karibi, kilichotawaliwa na Denmark. Anton alifika Herrnhut akawaeleza ndugu mateso ya watu wake, akawaambia kwamba watumwa hufanya kazi mchana kutwa, hivyo atakayetaka kuwahubiri huenda akalazimika kuwa mtumwa pamoja nao. Leonard Dober, mfinyanzi, akasema yuko tayari hata kwa hilo. Utayari huo ni wa kweli na ni mkubwa. Lakini kanisa halikumpandisha jukwaani. Lilikaa naye karibu mwaka mzima, likipima na kuomba, na mwishoni likapiga kura, naye akaokota karatasi iliyosema aachwe aende, kwa maana Bwana yu pamoja naye.

Tarehe 21 Agosti 1732 akaondoka, ana miaka 26. Mwenzake, David Nitschmann, hakuwa kijana. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Walipofika Copenhagen waliambiwa wazi kuwa suala la wao kuwa watumwa haliwezekani. Nitschmann akajibu kwamba basi atafanya kazi ya useremala. Ndivyo walivyoishi St Thomas: seremala alichonga, na mshahara wake ukawalisha wote wawili. Baada ya miezi kama minne Nitschmann akarudi kwa mkewe na watoto, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, na hakuna aliyemwita Yona. Dober akabaki peke yake akihangaika na riziki, kwa kuwa udongo wa kule ulimshinda kufinyanga.

Kwa hiyo habari ile ile uliyopigwa nayo inasema kinyume. Kanisa lililotuma lilikuwa na subira. Waliokwenda walikula kwa kazi ya mikono yao, hawakuchukua dawa ya mgonjwa. Na mwenye watu wa kuwatunza alirudishwa kwa watu wake. Nawaomba viongozi wa vijana popote mlipo, simulizi hii mkiitumia, isimulieni ilivyokuwa. Chumvi mnayoiongeza inaingia kwenye vidonda vya watu.

Hilo la Yona halina uzito wowote. Yona aliambiwa na Mungu kwa jina lake na kwa jina la mji, naye akakimbia kwa sababu hakutaka Ninawi wasamehewe. Wewe umeandikwa kwenye orodha ya safari na umepungukiwa fedha. Anayekuita Yona kwa hilo amelichezea andiko.

Atakuja na Mathayo 10:37, najua, maana huja nalo daima: "Apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili." Ni neno la Bwana na sitalipunguza makali. Yupo binti ambaye wazazi wake wanamwambia amkane Kristo au aondoke nyumbani. Huyo neno hili ni lake, limshike mkono. Lakini mama yako hakuzuii kumfuata Yesu. Mama yako anahitaji sindano. Na aliyesema neno lile ndiye aliyekuwa msalabani, katikati ya kazi kubwa kuliko misheni zote, akatafuta kwa macho mahali mama yake aliposimama na kumkabidhi kwa mwanafunzi wake. Paulo naye amwandikia Timotheo, kijana, mtu wa misheni, kwamba asiyewatunza walio wake "ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini". Sijui maneno makali kuliko hayo katika nyaraka zake juu ya mambo ya nyumbani.

Sasa kuhusu ruhusa ya mama. Mwanangu, mama zetu husema "nenda tu". Mama yangu aliniambia hivyo hivyo nilipokwenda chuo cha biblia, na nilikuja kujua baadaye kwamba msimu ule alikuwa anakula mara moja kwa siku. Neno la mama la namna hiyo ni upendo wake, usiligeuze kuwa kibali cha kumwacha bila dawa. Na nisikilize vizuri hapa: mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini hairuki, wala haiachi kwa sababu amefanyiwa maombi. Ombeni, na sindano iendelee kwa kadiri daktari alivyopanga. Yeyote anayekwambia imani inakaa mahali pa insulini anahatarisha uhai wa mtu, hata akisema kwa machozi na kwa lugha.

Binamu yako pia sikubaliani naye. Anasema wiki mbili ni matembezi. Wale sabini wa Luka 10 walikwenda muda mfupi wakarudi na furaha. Filipo alikaa na yule Mwethiopia kwa mwendo wa gari tu, akambatiza, wakaachana. Thesalonike Paulo anatajwa kuhojiana nao sabato tatu, na huko kulizaliwa kanisa. Korintho alikaa mwaka na miezi sita. Tusipime kazi ya Roho kwa kalenda. Ila binamu yako ameona kitu, na kejeli yake isitufanye tukatae kukiona. Nimeshuhudia misheni ambazo fedha ya vitenge vya sare ilizidi ya vitabu, vijana wakarudi na picha mia tatu na hawajui jina la mwenyeji aliyewapikia. Kuna kikundi kilichowapigia watu makofi ya "kuokoka" ambao walikuwa washarika wa kanisa la pale tangu utoto.

Na Karonga hasa, tafadhali msiende mkisema mnapeleka nuru gizani. Wamisheni wa Scotland waliingia Malawi mwaka 1875, miaka 16 kabla Wamoravian hawajafika Rungwe, na kazi yao ya Livingstonia imekuwa kule kaskazini tangu karne hiyo. Kuna Wapresbiteri pale ambao mababu wa mababu zao walibatizwa. Tena Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa upande wetu ni ndugu. Mto Songwe umewagawa kwa mpaka lakini lugha yao inasikilizana. Kijana wa Kyela akivuka mpaka pale Kasumulu anaweza kuomba maji kwa lugha ya bibi yake akaeleweka. Hiyo ni neema ya ajabu kwa misheni fupi, maana kikwazo kikubwa cha wiki mbili ni lugha. Lakini itumike kwa unyenyekevu: waulizeni wachungaji wa kule wanahitaji nini kabla hamjachapisha fulana.

Warumi 10 inauliza, "Tena, wahubirije, wasipopelekwa?" Kupelekwa, mwanangu. Antiokia waliwaombea Barnaba na Sauli, wakaweka mikono juu yao, wakawaaga. Wafilipi walimtumia Paulo mahitaji yake zaidi ya mara moja. Safari ambayo kila anayekwenda anajilipia yote, na asiye nacho anaonekana hana imani, inachuja watu kwa mifuko yao. Kama ushirika wenu unaona una kipawa, na mwalimu wa watoto wa awali ni kipawa kikubwa kwenye misheni, basi ushirika ukulipie, na wiki hizo mbili wamama wa kanisa wapokezane kulala kwa mama yako. Wakifanya hivyo, nenda kwa amani. Wakishindwa, baki kwa amani ile ile.

Ukibaki, usijifungie ndani kwa aibu. Unaishi Tunduma! Malori yanalala foleni kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na ndani yake wamo madereva wa Zambia na wa Congo waliokaa wiki nyingi bila kuona watoto wao, wengine wazungumzaji wa Kiswahili kama wewe. Wapo wanaotamani mtu wa kuwasomea Zaburi. Usiende peke yako, nenda na wamama wa kanisa, mchana. Na usidhani Agosti hii ndiyo nafasi yako ya mwisho. Apolo Kivebulaya, mmisheni Mganda, alikuwa amekwisha kupita miaka 30 alipokwenda Boga, Congo, mwaka 1896, na huko ndiko alikofia mwaka 1933.

Fanya hivi. Wiki hii nunua insulini kwanza, kisha godoro la mdogo wako. Kitakachobaki, hata kiwe 10,000, kipeleke kanisani kiwe nadhiri yako iliyokadiriwa upya, ukiambatana na mchungaji wako au mzee wa kanisa, maana Walawi inataka uwe mbele ya kuhani, si peke yako na dhamiri yako usiku. Mwambie kiongozi wako wa vijana kwa adabu, bila kulia na bila kujitetea sana: niliahidi kupita uwezo wangu, nimetubu haraka yangu, hiki ndicho nilicho nacho. Naamini anampenda Bwana na atakusikia. Mwonyeshe na jibu hili ukitaka. Akikataa, niandikie tena; kutoka Mbeya mpaka kwenu ni mwendo wa asubuhi moja, nitakuja tukae naye mezani, na mama nimsalimie.