Mdogo wangu, funga hizo chupa kwanza

Usipake. Kama leo umeshapaka, kanawe kwa maji ya kawaida ndipo urudi kusoma.

Mleta mada ana miaka 39, yuko Nyegezi hapa Mwanza, ameona mistari pembeni ya macho, kanunua retinoli, vitamini C na asidi ya glaikoliki, ile ya kumenya ngozi, zote za kupaka usoni, kwa mpigo. Anauliza ipi ina nguvu zaidi, kama anaweza kuanza zote Jumamosi hii maana sendofu ya mdogo wake ni wiki tatu zijazo, na krimu gani ya macho ni nzuri. Nimesoma majibu yote ya juu. Watu wanakupongeza, mmoja kakuandikia "utawaka dada". Ni kweli utawaka. Mimi niliwaka.

Nilikuwa na miaka 41. Kazi yangu ni dagaa, nakusanya mwaloni nasafirisha Dar. Nikaona picha yangu ya harusini, pembeni ya macho pamekunjamana kama shuka lililolaliwa. Nikampata dada mmoja wa vipodozi hapa mjini, simtaji, kila siku anaweka status za nyuso za "kabla na baada". Nilipokuja kuziangalia kwa hasira baadaye, ya kabla ilipigwa jikoni na ya baada ilipigwa dirishani. Akanifungia seti ya chupa tatu kwa shilingi 185,000. Hela ya mzigo hiyo. Chupa zenyewe ndizo hizo hizo tatu ulizonunua wewe, ndiyo maana nimeshtuka namna hii.

Maelekezo yake: vitamini C asubuhi, usiku glaikoliki, ikikauka juu yake retinoli, kila siku bila kuruka, "wiki mbili tu watakuuliza umebadilisha mume". Kwenye boksi niliona maandishi madogo yanataja losheni ya jua, nikamuuliza. Alicheka huyo! Akasema, "Dada yangu, hiyo ni ya wazungu na watu wenye ualbino. Sisi Mungu alishatupaka." Nami nikacheka. Ni kauli tamu, niliirudia kwa watu wawili wengine, Mungu anisamehe.

Siku ya tatu uso ukaanza kuwasha. Nikamtumia ujumbe, akajibu ngozi inatoa sumu. Siku ya sita pembe za mdomo zikapasuka, nikila sato wa kuchemsha mwenye ndimu machozi yananitoka, watoto wanadhani nimekumbuka msiba. Nikamwandikia tena. Akasema ndiyo inafanya kazi, ongeza. Ngozi inatoa sumu! Sumu inatolewa na ini na figo, mdogo wangu. Ngozi ikikuwasha inakwambia inaungua, haina lugha nyingine.

Nikaongeza.

Siku ya kumi na moja nikaenda Igombe, kule ziwani, kuchukua mzigo kwa kina mama wanaoanika. Nilifika saa tatu asubuhi. Kirikuu kilichokuwa kinanifuata kikapata pancha njiani, dereva ananiambia "nakuja mama, nakuja", nikasubiri mpaka saa nane mchana pembeni ya nyavu, khanga begani badala ya kichwani, maana nilikuwa nimetoka kusuka na nilitaka watu waone. Dagaa walikuwa wameanikwa wametandazwa, wanang'aa kama bati jipya. Nilipofika niliwashika wanateleza vidoleni. Saa nane nikachukua mmoja nikamkunja, akakatika ka! Nikafurahi, mzigo umekauka. Wala akili haikunituma kujiuliza: jua linalomfanya dagaa hivi kwa saa tano, limemfanya nini mwanamke ambaye jana usiku kajimenya uso kwa asidi?

Na ziwa ni tapeli. Upepo unakupuliza, unajisikia poa, unadhani jua la leo dogo. Mwanza tupo digrii mbili na nusu tu kusini ya Ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hakuna jua dogo hapa. Kuna jua lenye upepo na jua lisilo na upepo.

Jioni uso ulikuwa wa moto kama nimeinamia karai la maandazi. Nilishindwa kuweka shavu kwenye mto. Baada ya siku chache ukaanza kubanduka vipande vipande, nikasema haya, ndiyo ngozi mpya hiyo inakuja. Ikaja kweli. Mabaka meusi mashavu yote mawili, kama ramani ya visiwa vya Ukerewe, na mstari mweusi juu ya mdomo, umenyooka, sharubu kabisa. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Aliniangalia siku mbili, ya tatu akasema, "Basi tutakuwa tunagawana wembe." Mwaloni nikapewa jina ambalo sitaliandika hapa. Mikunyanzi yangu ilikuwa pale pale, haijasogea hata moja, ila sasa hakuna aliyeiona, kwa hiyo ukitaka kusema ile seti ilifanya kazi, sema.

Nilirudi kwa yule dada. Hakushtuka hata kidogo. Akatoa kikopo cheupe kisicho na lebo wala tarehe, krimu ya njano ndani, harufu kama ndimu iliyochacha, akasema hii inafuta madoa siku saba, shilingi 60,000. Ningependa kukuambia nilikataa kwa busara. Sikuwa na hela. Umaskini uliniokoa. Vikopo vya namna ile ndio mkorogo wenyewe, humo unakuta haidrokwinoni ya kufifisha rangi, unakuta zebaki, unakuta steroidi kali kama klobetasoli ambayo daktari mwenyewe akikuandikia anakupa kwa siku za kuhesabu. Unakuwa mweupe kweli, mwezi mmoja unasifiwa, ngozi inazidi kuwa nyembamba, ukiacha inalipuka vipele na weusi kuliko mwanzo. Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi zimepigwa marufuku nchini, lakini kikopo hakina lebo, utamshtaki nani?

Niliyeenda kwake mwisho ni daktari wa ngozi, ambaye nilipaswa kuanza naye. Alinisikiliza yote, akauliza swali moja tu: "Na jua ulikuwa unajikinga na nini?" Nikamwambia na ngozi yangu. Akanieleza taratibu kama mtoto. Weusi wetu ni kinga kweli, wamepima, ngozi nyeusi sana inafanya kazi kama losheni ya jua ya SPF 13 hivi, yaani kipimo cha kinga, ya mzungu inafika kama 3. Kwa hiyo yule dada hakudanganya kila kitu, na uongo mbaya ndio huo wenye ukweli ndani. Tatizo ni kwamba 13 haitoshi kwa jua la Igombe la saa tano mfululizo, na haitoshi kabisa ukiwa umeondoa tabaka la juu kwa glaikoliki. Halafu ngozi nyeusi ikiumizwa, kwa moto, kwa chunusi, kwa asidi, jibu lake ni kumwaga rangi. Haisahau. Ina kumbukumbu kuliko mawifi.

Akanisimamisha kila kitu. Sabuni laini, Vaseline usiku, na losheni ya jua kila asubuhi, hata siku ya mawingu, hata siku ya kukaa ndani karibu na dirisha, maana mionzi ya UVA, ambayo ndiyo hasa inazeesha, inapita kwenye kioo. Nilimbishia kidogo hapo. Nilipofika nyumbani nikatafuta, nikakuta picha ya dereva wa lori wa Marekani iliyotolewa kwenye jarida la madaktari mwaka 2012. Kaendesha miaka 28. Upande wa kushoto wa uso, uliokuwa dirishani, umekunjamana kama wa babu yake, wa kulia ni mtu wa kawaida. Sisi usukani uko kulia, kwa hiyo siku hizi nawachungulia madereva wa Fuso shavu la kulia, mpaka mmoja kaniuliza mama unataka nini.

Mabaka yangu yalichukua miezi kumi na minne. Sharubu ndiyo ilikuwa ya mwisho kuondoka.

Sasa swali lako la ipi ina nguvu. Yenye nguvu kuliko zote haimo kwenye mfuko wako. Australia walichukua watu 903 walio chini ya miaka 55, nusu wakaambiwa wapake losheni ya jua kila siku, nusu wapake wanapojisikia, wakawafuatilia miaka minne na nusu. Majibu yakatoka 2013: ya waliopaka kila siku ngozi ilizeeka asilimia 24 pungufu kuliko ya wenzao. Najua utasema wale ni wazungu. Sawa, ni wazungu. Sharubu zangu zilikuwa za Kisukuma.

Kwa hiyo mimi sheria yangu ni moja, na binti zangu wameshaichoka: kama hujanunua losheni ya jua, huna ruhusa ya kununua kitu kingine chochote cha uso. Ukiwa na hela ya chupa moja, ni hiyo. SPF 30 kwenda juu, iwe imeandikwa inazuia UVA na UVB, ile mionzi inayounguza. Kipimo ni vidole viwili, unaichora juu ya kidole cha shahada na cha kati kuanzia shina mpaka ncha, hiyo yote ni ya uso na shingo. Watu wanapaka tone kama la wanja halafu wanasema haifanyi kazi. Ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili. Na tafuta yenye rangi ya ngozi, siyo ile inayokutoa kama umemwagikiwa unga wa muhogo. Si urembo tu: ile rangi ni oksaidi ya chuma, inazuia na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi zetu unaongeza mabaka. Na wale wanaosema ni ya watu wenye ualbino: kweli, kwao ni suala la uhai, Moshi inatengenezwa losheni ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao, kwa sababu ya saratani. Kitu kinachomkinga mtu na saratani kwa nini wewe kikuaibishe?

Hizo chupa zako, haraka haraka maana mzigo unanisubiri.

Retinoli ndiyo bingwa wa mistari kati ya vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Ngozi inaibadilisha taratibu kuwa asidi ile ile iliyomo kwenye tretinoini, krimu ya kuandikiwa na daktari, kwa hiyo ni dhaifu kuliko hiyo lakini ni damu moja. Ila ni mwendo wa kobe. Kuna utafiti wa 2007, wazee walipakwa yenye asilimia 0.4 kwa wiki 24 ndipo mistari midogo ikaonekana kupungua. Wiki ishirini na nne! Wewe una tatu. Na wiki za mwanzo ndizo za kubanduka, yaani sendofu itakukuta unabanduka mbele ya wakwe. Anza baada ya sherehe, ukiwa umeshazoea losheni ya jua mwezi mzima, usiku mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote, juu ya mafuta. Kama una mimba au unaitafuta, usiiguse kabisa.

Vitamini C ni nzuri ikiwa hai. Inakufa kwa joto, mwanga na hewa, na maduka yetu yanaipanga dirishani. Mimina tone kwenye kijiko cheupe. Ikiwa kama maji, au njano kwa mbali sana, sawa. Yangu ilikuwa rangi ya chai ya mkandaa siku naifungua, nikadhani ndiyo nguvu.

Ambayo hukununua, na ndiyo ningekuambia ununue kabla ya zote mbili, ni niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ya asilimia 4 au 5. Haina mbwembwe, haiwashi watu wengi, inapunguza madoa na mistari kidogo. Daktari alinipa hiyo baada ya miezi miwili na bado naitumia. Asidi ya hayaluroniki kazi yake ni kushika maji tu, inavimbisha ngozi kwa siku moja. Kwa sendofu hiyo inakufaa zaidi ya vyote, hiyo na mpambaji anayejua kazi.

Krimu ya macho? Kofia pana. Sitanii, mimi sasa naenda Igombe na kofia ya ukili kama mtalii, wananicheka, nawaambia wabeja, asanteni.

Kirikuu kimeshapiga honi. Ile glaikoliki jaribu kuirudisha dukani. Wakigoma kukupa hela yako, visigino unavyo, pakaa huko usiku na uvae soksi.