Pikapu ya oto yenye kilomita laki tatu, ninunue au niachane nayo?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nanunua parachichi Rungwe nazipeleka Njombe. Natafuta pikapu na nataka ya oto kwa sababu goti langu la kushoto haliwezi tena klachi. Nimepata mbili, Navara ya 2009 iliyotoka Uingereza, dashibodi inasoma 150,000, na Hilux Vigo ya 2012 iliyokuwa ya kampuni, inasoma 310,000. Mume wangu anasema pikapu ya oto iliyotembea ni kununua ugonjwa. Mimi naona Navara imetembea nusu ya mwenzake, niichukue?

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na goti. Kabla hatujafika mbali rudi ukaiangalie tena hiyo dashibodi ya Navara, gari za Uingereza zinasoma maili sio kilomita. Ukiona imeandikwa mph kwenye spidi mita basi hiyo 150,000 zidisha kwa 1.6, inakuja kama 240,000 hivi. Kwa hiyo ile nusu uliyoiona haipo, na kama dalali alijua akanyamaza basi na mengine atayonyamazia yapo.

Shemeji ana hoja ila kakosea mshtakiwa. Giaboksi ya oto haiuliwi na kilomita, inauliwa na joto. Mule ndani kuna pleti za klachi zinaogelea kwenye oili, na oili hiyo hiyo ndo inazibana zishike, ndo inalainisha, ndo inabeba joto kulipeleka kwenye kula, yaani kipozeo cha oili. Gari ikiwa na mzigo na inapanda taratibu toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inakuwa haijafunga, inakoroga oili tu kama mtu anasonga ugali, nguvu yote inayopotea pale inageuka joto. Mafundi tuna kanuni yetu, kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya joto la kawaida umri wa oili unapungua nusu. Ndo maana pikapu ya bosi iliyokula 310,000 ya lami Dar na Mbeya inaweza kuwa na giaboksi nzima kuliko ya 120,000 iliyobeba kokoto mlimani, sasa ya kwako itapandisha Tukuyu mpaka Isongole na kreti zimejaa, kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni ilikuwa inafanya kazi gani.

Sasa Navara. Giaboksi yake ya gia 5 yenyewe sio mbaya kabisa, tatizo ni jirani yake. Oili ya giaboksi inapitishwa ndani ya rejeta ikapoozwe, na hicho kipozeo kikipasuka kwa ndani maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Marekani ndugu zake wa Nissan, Frontier, Pathfinder na Xterra za 2005 mpaka 2010 zilisumbua sana kwa hili mpaka watu wakaenda mahakamani na waranti ya rejeta ikaongezwa. Na ubaya wake ni kwamba maji yanabandua gundi ya pleti za klachi, halafu kompyuta ya giaboksi hii haikai nje, inakaa humo humo ndani juu ya valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili kwenda kwenye gia, sasa piga picha kompyuta imeloa maji ya rejeta. Ikishafika hapo hutengenezi, unatafuta giaboksi nyingine.

Kuikagua ni rahisi na usione aibu mbele ya dalali. Injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta, ukikuta utando wa mafuta au maji yamekuwa ya pinki kama mtindi wa stroberi funga mfuniko, aga, nenda. Kisha dipstiki ya giaboksi, ile imefungwa na bolti ndogo ya spana namba 10 ili watu wasiichezee, ifungue, ifute kwenye tishu nyeupe. Oili nzuri ni nyekundu, ikizeeka inaenda kwenye kahawia na hiyo inavumilika, ila nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, au yenye povu la maziwa, hapana. (Na kwa kuwa imetoka Uingereza lala chini uangalie chesisi nyuma ya kebini, kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi na Navara kadhaa za umri huo zilikatika katikati kwa kutu. Hiyo sio giaboksi lakini utanishukuru.)

Hilux yako ya 2012 iko kwenye kipindi cha mabadiliko, Vigo za mwanzo zina oto ya gia 4 na za mwishoni zikaja na gia 5, kwa hiyo ukiiendesha hesabu inabadilisha mara ngapi. Zote mbili ni ngumu. Ya gia 4 ina dipstiki ya kawaida. Ya gia 5 haina, oili inapimwa kwa chini kwenye nati ya kumwagia ziada, injini inawaka na oili iko kwenye joto lililopangwa na kiwanda, na inatumia oili ya Toyota inayoitwa WS ambayo ni nyepesi. Hapa ndo gereji nyingi zinaharibu, fundi anakuta haina dipstiki anajaza kwa kukadiria, au anaweka ATF (oili ya giaboksi ya oto) yoyote nyekundu iliyopo dukani. Nishapokea moja gia zinagonga kama mtu anapiga nyundo chini ya kiti, mwenyewe keshauziwa hadithi kwamba giaboksi imekufa. Nikatoa nati kupima kiwango, haikutoka hata tone. Ilikuwa na upungufu wa karibu lita mbili, tukaweka oili yake kwa kipimo na ikatulia.

Kwenye kuijaribu, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya boneti, kama ni ya moto ameshaipasha, kwa sababu giaboksi iliyochoka mara nyingi inajificha ikiwa ya moto au ikiwa ya baridi, lazima uione hali zote mbili. Mwaka juzi nilienda na mteja kuangalia pikapu saa mbili asubuhi tukakuta boneti inachoma, tukasema sawa tutarudi kesho saa kumi na mbili. Kesho yake tulipoweka rivasi nikahesabu moja, mbili, tatu, ndo ikashika kwa kishindo. Kawaida ni sekunde moja, isizidi sana.

Baada ya hapo endesha nusu saa nzima. Ukiwa kwenye 60 mpaka 80 kanyaga mafuta kidogo tu, ukisikia mtetemo kama unapita kwenye rasta wakati lami ni safi, hiyo ni klachi ya toki konveta. Mshale wa rpm ukiruka juu na gari haiongezi mwendo, pleti zinateleza. Halafu tafuta mlima urudi kinyumenyume, giaboksi inayokufa mara nyingi inaikataa rivasi ya mlimani kwanza. Maliza kwa mashine ya kupima kompyuta, na kama kodi za hitilafu kwenye kompyuta zote zimefutwa juzi juzi muulize kwa nini.

Wengi wanasema giaboksi iliyotembea ukiibadilisha oili inakufa. Haifi kwa oili mpya, watu wanabadilisha ikiwa tayari inateleza, inakufa kwa ugonjwa wake wanasingizia dawa. Ila usikubali ile ya kusukuma oili na mashine ya presha. Mwaga kinachotoka kwa chini, ambacho ni sehemu tu ya oili yote, fungua sampu (bakuli la oili la chini) ubadilishe filta, angalia na sumaku za mle ndani, tope la kijivu laini ni kawaida lakini vipande vya chuma sio. Tembea wiki mbili, mwaga tena, na mara ya tatu.

Mimi kwa mzigo wako ningeanza na Hilux ikipita kwenye hayo, hata na hiyo 310,000 yake, na wiki ya kwanza ningeifunga kula ya nje ya giaboksi mbele ya rejeta. Ukiipenda Navara basi weka rejeta mpya kabla hujabeba hata kreti moja, au oili ipite kula ya nje tu isiguse rejeta kabisa, na hiyo gharama itoe kwenye bei ya muuzaji. Na mlimani usiiache kwenye D, ishushe gia mwenyewe ili isiwe inahangaika kupanda na kushuka gia, wakati wa kushuka vile vile.

Ukienda kuziangalia beba spana namba 10 na tishu nyeupe, piga picha ya tishu juani unitumie kabla hujatoa advansi.